Ukibonyeza "Nakubali": Kuvunja Masharti ya Huduma za Mtandaoni ni Kosa Wakati Gani?

Wakenya tumezoea kusikia maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa" yakitamkwa haraka haraka mwishoni mwa matangazo ya redio. Mtandaoni hali ni hiyo hiyo. Mkazi anapofungua akaunti ya mkopo wa simu, ya teksi, ya mtandao wa kijamii au ya kazi za kidijitali, huonyeshwa maandishi marefu na kitufe cha "Nakubali". Hubonyeza na kuendelea na shughuli zake. Baadaye anampa ndugu yake akaunti hiyo aitumie, au anaongeza umri wa mtoto ili asajiliwe, na hapo tayari amevunja masharti aliyoyakubali.

Je, amekosa? Wapo wanaosema mkataba ni mkataba, na wapo wanaosema hayo ni makaratasi ya kampuni tu. Makala haya yanaeleza kwa nini majibu yote mawili hayatoshi, na jinsi mwananchi anavyoweza kupima jambo kabla hajajikuta amepoteza riziki au ameingia matatani na sheria.

Masharti si sheria, lakini si maneno matupu

Masharti ya matumizi ni mkataba kati ya mtumiaji na mwenye huduma. Hayakupitishwa na Bunge la Kitaifa wala Bunge la Kaunti. Anayeyavunja anaweza kufungiwa akaunti, kunyimwa huduma au kudaiwa fidia mahakamani. Anayevunja sheria ya nchi anaweza kukamatwa na kushtakiwa. Tatizo ni kwamba tendo moja linaweza kuwa yote mawili kwa pamoja.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 14, inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 29 kinamhusu anayetumia kwa ulaghai nywila au kitambulisho cha kipekee cha mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba likiwa suala la "masharti ya kampuni" basi polisi hawahusiki.

Hata hivyo, kuna hatari upande wa pili pia, yaani kuligeuza kila kosa la mkataba kuwa jinai. Mahakama ya Juu ya Marekani ililipima jambo hili Juni 2021 katika kesi ya Van Buren. Afisa wa polisi katika jimbo la Georgia, aliyekuwa na ruhusa ya kutumia kanzidata ya polisi, alitafuta humo namba ya gari la mtu kwa malipo. Majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba sheria ya udukuzi ya nchi hiyo haimgusi mtu anayetumia vibaya taarifa ambazo tayari ana ruhusa ya kuzifikia. Walihofia kwamba tafsiri pana zaidi ingewafanya mamilioni ya watu wa kawaida kuwa wahalifu, kama vile mfanyakazi anayesoma habari kwenye kompyuta ya ofisi kinyume cha kanuni za mwajiri.

Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini una funzo. Hakuna aliyesema afisa yule alifanya vyema. Alipewa mamlaka kwa niaba ya umma akayauza. Jambo linaweza kukosa kuwa jinai na bado likawa dhuluma. Mtumishi wa umma anayefungua rekodi ya jirani yake kwa udadisi au kwa hongo anapaswa kulikumbuka hilo, kwani Sura ya Sita ya Katiba yetu inamtaka awe mwadilifu hata pale ambapo mfumo haukumzuia.

Ahadi isiyosomwa

Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini anayeahidi sharti ajue anaahidi nini, na awe na nafasi ya kukataa. Masharti ya mtandaoni yana upungufu katika yote mawili.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walikadiria kwamba mtumiaji wa intaneti nchini humo angehitaji takriban saa 244 kwa mwaka kusoma sera za faragha za tovuti anazozitembelea. Hizo ni kama dakika 40 kila siku, na ni sera za faragha pekee. Mwananchi hana muda huo. Isitoshe, sokoni mnunuzi hupatana na muuzaji hadi wakaafikiana, ilhali mtandaoni ni ukubali yote au uondoke. Mkopaji mwenye mgonjwa hospitalini usiku hawezi kusemekana amechagua kwa hiari kamili.

Kwa sababu hizo, kubonyeza kitufe hakuna uzito sawa na ahadi iliyotolewa mbele ya wazee. Lakini haifuati kwamba masharti hayana maana. Mengi yamewekwa kuwalinda watu wengine wanaotumia huduma hiyo hiyo. Basi cha kuangalia zaidi ni kile ambacho sharti linalinda, na nani ataumia likivunjwa.

Mifano tunayoishi nayo

*WhatsApp zilizorekebishwa.* Wengi wanatumia GB WhatsApp na nyingine za aina hiyo ili wapate vipengele visivyomo katika programu rasmi. Masharti ya WhatsApp hayaruhusu, na akaunti inaweza kufungwa. Baadhi huona kwamba hapa wanajihatarisha wenyewe tu. Si hivyo kabisa. Programu hiyo imetengenezwa na watu usiowajua, na inashika mazungumzo yako, picha unazotumiwa na namba za watu walio kwenye simu yako. Hao hawakuulizwa.

*Umri wa watoto.* Mitandao mingi ya kijamii, ikiwemo Facebook na WhatsApp, inataka mtumiaji awe na angalau miaka 13. Mzazi anayemwandikia mtoto wa miaka 10 kwamba ana 18 huona anamfurahisha. Matokeo yake ni kwamba mfumo unamhesabu mtoto kuwa mtu mzima, na vizuizi vilivyowekwa kwa ajili ya watoto haviwashwi. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Uongo kuhusu umri unaubatilisha ulinzi huo mlangoni.

*Kukodisha akaunti.* Hili ndilo linalowagusa zaidi vijana wetu. Mwenye akaunti iliyothibitishwa kwa kitambulisho chake, iwe ya teksi, ya kupeleka mizigo au ya kazi za mtandaoni, anamkodishia mwingine kwa malipo ya wiki au asilimia ya mapato. Kijana asiye na akaunti huona ni mlango pekee wa kupata kazi, na hoja yake si ya kupuuzwa. Lakini tuangalie wanaoguswa. Abiria anayepanda gari usiku akiamini dereva ndiye aliye kwenye picha amedanganywa katika jambo la usalama wake. Mteja wa kazi za mtandaoni amemkabidhi faili zake mtu asiyemjua. Mwenye kitambulisho atahojiwa yeye pindi uhalifu ukitokea. Naye kijana aliyekodi hana pa kudai: akaunti ikifungwa au mwenyewe akibadilisha nywila, mapato yake ya mwezi yamekwenda, na hawezi kulalamika kwa kampuni ambayo haimtambui.

*Safari nje ya programu.* Dereva anamwomba abiria afute safari walipe wenyewe, kwa kuwa makato ya kampuni ni makubwa. Kilio cha madereva ni cha kweli. Ndiyo maana kanuni za uchukuzi za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa makato hayo. Hata hivyo, safari ikifutwa haibaki kwenye rekodi kama iliyofanyika. Mzozo ukitokea, si dereva wala abiria mwenye ushahidi.

*Nywila kwa mhudumu wa saiba.* Wakazi wengi, hasa wazee, humwachia kijana wa saiba nywila ya eCitizen au ya iTax ya KRA ili awajazie fomu. Ni vigumu kumlaumu mzee asiyejua kutumia kompyuta kwa kuomba msaada. Hapa kosa kubwa huanza pale mhudumu anapoihifadhi nywila, au anapoitumia baadaye bila mwenyewe kujua. Mzee akae pembeni kazi ikifanywa, kisha nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo, ikiwezekana na jamaa anayemwamini.

Masharti yenyewe yanapokuwa dhuluma

Kuna wakati kosa liko kwa aliyeandika masharti. Kwa miaka kadhaa, baadhi ya programu za mikopo ziliweka sharti la kusoma namba zote zilizo kwenye simu ya mkopaji. Aliyechelewa kulipa alikuta bosi wake, mchungaji au imamu wake na mama mkwe wamepigiwa simu kuhusu deni lake. Kampuni zilijitetea kwamba mteja alikubali.

Utetezi huo haukusimama. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mkopaji. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kupitia wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data inataka idhini iwe ya wazi, ya hiari, mahususi na ya mtu aliyeelezwa. Haki ambazo Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 imempa mnunuzi hazifutwi kwa sentensi iliyofichwa katika mkataba.

Wapo pia wanaovunja masharti kwa manufaa ya umma. Mwaka 2021 Facebook ilifunga akaunti za watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliokuwa wakichunguza matangazo ya siasa kwa msaada wa watu waliojitolea. Kampuni ilisema wamekiuka masharti yake ya kukusanya data. Watafiti walisema umma una haki ya kujua nani anamlenga nani kwa matangazo. Mtu anaweza kuunga mkono upande wowote, lakini tuangalie tofauti yao na mkodishaji wa akaunti. Watafiti hao walifanya kazi hadharani, kwa majina yao na kwa idhini ya waliojitolea, na walikuwa tayari kuulizwa. Anayevunja sharti kwa dhamiri hahitaji kujificha nyuma ya kitambulisho cha mwingine.

Maswali manne ya kujiuliza

Kabla hujavunja sharti lolote, jiulize:

1. Nani ataumia? Ukiona ni wewe peke yako, hesabu tena walio kwenye simu yako, abiria wako na mwenye kitambulisho.
2. Je, kuna anayedanganywa? Kuficha utambulisho kwa mtu anayekutegemea kwa usalama au kwa fedha ni kosa hata asipoligundua.
3. Je, sheria ya nchi inahusika? Nywila, kitambulisho au laini ya simu ya mtu mwingine ni dalili ya kusimama kwanza.
4. Je, kuna njia ya wazi? Huenda kuna njia ya kuomba, kulalamika au kubadilisha huduma bila udanganyifu.

Pa kupeleka malalamiko

Akaunti yako ikifungwa na mashine bila maelezo, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mfumo wa kompyuta pekee. Iandikie kampuni uombe uamuzi uangaliwe upya, na uhifadhi nakala ya barua hiyo pamoja na picha za skrini. Ukitumia akaunti ya mtu mwingine huwezi kunufaika na haki hii, na hilo pekee ni sababu tosha ya kufungua ya kwako.

Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya data hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inapaswa kuyachunguza na kuyahitimisha ndani ya siku 90. Usumbufu wa watoa mikopo waliosajiliwa unaweza kuripotiwa pia kwa Benki Kuu. Akaunti yako ikiingiliwa au kitambulisho chako kikitumiwa bila idhini, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu na uombe nambari ya OB. Kwa aliyekwisha kukodisha akaunti yake, hatua ya kwanza ni kubadilisha nywila leo, kisha kumlipa aliyeikodi chochote alichokwisha kukifanyia kazi.