Mkopo Uliojificha Ndani ya Bei ya Bitcoin

Usiku wa Ijumaa, 10 Oktoba 2025, dakika chache kabla ya saa sita kwa saa za Afrika Mashariki, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza mtandaoni kwamba bidhaa za China zitatozwa ushuru wa nyongeza wa asilimia 100 kuanzia 1 Novemba. Soko la hisa la New York lilikuwa limeshafungwa kwa wiki hiyo. Soko la sarafu za kidijitali halina Jumapili wala sikukuu, kwa hiyo waliotaka kuuza kitu usiku ule waliuza huko. Bitcoin, ambayo mchana ilikuwa juu ya dola 120,000, iligusa karibu dola 105,000 hata saa saba usiku haijafika. Sarafu ndogondogo nyingi zilipoteza nusu ya bei na zaidi. Kulipokucha, akaunti zaidi ya milioni moja na nusu duniani zilikuwa zimefungiwa madau kwa nguvu, na jumla ya madau hayo ilipita dola bilioni 19.

Ushuru wa bidhaa za China unaihusu vipi Bitcoin? Haipakiwi kwenye kontena wala haipiti bandarini. Mtambo wake ulikuwa unafanya kazi usiku ule kama ulivyofanya tangu Januari 2009, ukifunga ukurasa mpya wa miamala kila baada ya dakika kumi hivi. Hakuna aliyeudukua, na hakuna sarafu hata moja iliyoongezwa nje ya utaratibu. Kilichobadilika ni hali ya watu waliokuwa wamekopa ili kununua. Wachambuzi wa mitandaoni hupenda kutueleza habari za teknolojia, mikataba na matamko ya matajiri. Mimi naona bei ya sarafu hizi, hasa ile ya leo na kesho, inasukumwa zaidi na deni kuliko na kitu kingine chochote.

Tuanze na bei yenyewe. Hakuna ofisi inayoipanga. Kila soko la mtandaoni lina daftari la oda: upande mmoja wauzaji wamejipanga na bei wanazotaka, upande wa pili wanunuzi na bei wanazoweza. Namba unayoiona ikicheza kwenye simu ni bei ya muamala wa mwisho kabisa, basi. Tuseme muuzaji wa kwanza ana nusu Bitcoin kwa dola 100,000, anayemfuata ana moja kwa dola 100,050, na wa tatu ana mbili kwa dola 100,200. Anakuja mtu anayetaka tatu hapo hapo. Anawala wa kwanza na wa pili, kisha anachukua moja na nusu kwa wa tatu. Bei sasa ni 100,200. Mnunuzi ametoa dola laki tatu hivi, lakini tovuti zote zitazidisha ile bei ya mwisho kwa Bitcoin karibu milioni 20 zilizokwisha kutolewa, na kutangaza kuwa thamani ya Bitcoin imeongezeka kwa dola bilioni 4. Ni sawa na kiwanja kimoja Kigamboni kuuzwa kwa bei ya kuruka, halafu mtaa mzima ukajiona tajiri.

Mfano huo nimeufupisha. Kwenye masoko makubwa foleni ya Bitcoin ni ndefu, na laki tatu haziitikisi hivyo. Lakini kwenye sarafu changa zinazozaliwa kila siku, foleni ni fupi kuliko hiyo niliyoeleza, na mtu mmoja mwenye fedha anaweza kuipandisha bei asubuhi na kuiangusha jioni. Ndiyo maana mabilioni yanayosemwa kuingia au kutoka sokoni mara nyingi hayakuwahi kuingia wala kutoka. Ni hesabu ya kuzidisha tu.

Sasa tuje kwenye mkopo. Fungua programu yoyote kubwa ya biashara hii, upande wa mikataba ya bei za baadaye, utakuta kitelezi cha kuchagua mara ngapi unataka kuzidisha dau lako: mara 5, mara 20, kwingine mara 100. Ukiweka dhamana ya dola 100 ukachagua mara 20, unashika dau la dola 2,000. Bei ikipanda kwa asilimia 5, umepata dola 100 nyingine na utawaonyesha rafiki zako picha ya skrini. Ikishuka kwa asilimia 5, dhamana imekwisha. Tena soko halisubiri ifike huko. Linakufunga mapema kidogo ili lisibaki na hasara yako. Vijana wa Dar es Salaam wana jina lao la tukio hilo: kuchoma akaunti.

Kukufunga maana yake ni kuuza dau lako kwa bei yoyote iliyopo. Mauzo hayo yanaisukuma bei chini kidogo, nayo inagusa kiwango ambacho mkopaji mwingine naye anafungwa. Wa pili anamwangusha wa tatu. Wakati huohuo wafanyabiashara wakubwa ambao kwa kawaida huweka oda za kununua wanaziondoa, maana hakuna anayetaka kudaka kisu kinachoanguka, na daftari linabaki jeupe. Hivyo ndivyo tamko moja lilivyofanya kazi Oktoba ile. Lilitoa msukumo wa kwanza, kisha mashine za masoko zikaendelea zenyewe. Machi 12, 2020, dunia ilipotishwa na korona, mtindo ulikuwa uleule, na Bitcoin ilipoteza karibu nusu ya bei yake ndani ya siku moja.

Mashine hiyo inafanya kazi pia kwenda juu, na hapo wengi hudanganyika. Aliyeweka dau kwamba bei itashuka analazimika kununua inapopanda, na ununuzi wake wa kulazimishwa unawatisha wengine wa upande wake. Ukiona Bitcoin imeruka kwa asilimia 8 ndani ya saa moja bila habari yoyote ya maana, usiharakishe kusema kuna mwekezaji mkubwa ameingia. Huenda ni watu waliokuwa wakiibeza wanaofungwa mmoja baada ya mwingine.

Kuna kipimo kinachoonyesha umati umeegemea wapi. Mikataba mingi ya sarafu haina tarehe ya kuisha. Mtindo huu ulienezwa na soko la BitMEX mwaka 2016. Ili bei ya mkataba isiachane na bei ya sarafu yenyewe, kwa kawaida kila baada ya saa nane upande mmoja hulipa upande wa pili. Wanaotarajia kupanda wakiwa wengi mno, wao ndio hulipa. Malipo hayo yakiwa makubwa kwa siku kadhaa mfululizo, jua kwamba soko limejaa wakopaji wa upande mmoja. Takwimu hizi ziko wazi, bure, na ni watu wachache wanaozitazama. Kumtazama bilionea Elon Musk ni rahisi zaidi. Mei 8, 2021, alipoonekana kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, wapenzi wa Dogecoin, sarafu iliyoundwa mwaka 2013 kwa utani, walikuwa wamekwisha kuinunua mapema wakimsubiri. Alipofika jukwaani hakukuwa na mnunuzi mpya, na bei iliporomoka kipindi kikiendelea.

Ukitoka kwenye saa na siku ukaenda kwenye miezi na miaka, mkopo unaohusika ni mwingine: ule wa Benki Kuu ya Marekani. Mwaka 2020 ilishusha riba karibu na sifuri na kumwaga dola sokoni. Fedha iliyolala benki haikuzaa chochote, na watu wakatafuta pa kuipeleka. Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Machi 2022 benki hiyo ilianza kupandisha riba kupambana na mfumuko wa bei, na iliendelea kuipandisha mwaka mzima. Mtu anayeweza kupata riba nzuri kwa kuikopesha serikali ya Marekani ana sababu gani ya kushika sarafu isiyolipa gawio wala riba? Novemba 2022 Bitcoin ilikuwa karibu dola 16,000. Bado ilikuwa Bitcoin ileile. Dola ndiyo iliyokuwa imekuwa ghali.

Januari 2024 uliongezwa mlango mwingine. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliruhusu mifuko inayonunua Bitcoin halisi iuzwe kwenye soko la hisa, na kampuni kama BlackRock zikaanza kuwanunulia wateja wa kawaida. Fedha iliyoingia ilikuwa ya kweli, na Machi bei ilipita dola 73,000. Ila mlango huo una pande mbili. Hao wenye hisa za mifuko ndio hao wanaouza kila kitu wanapoogopa, kwa hiyo Bitcoin iliyosifiwa kuwa kimbilio dhidi ya misukosuko ya masoko sasa hutikisika pamoja na hisa za teknolojia.

Kuhusu kile kinachoitwa upunguzaji nusu, nitasema machache, kwa sababu kimepewa sifa kuliko stahili yake. Kila baada ya miaka minne hivi, malipo ya wachimbaji, yaani wanaoendesha kompyuta za mtambo wa Bitcoin na kulipwa kwa sarafu mpya, hukatwa nusu. Imetokea Novemba 2012, Julai 2016, Mei 2020 na Aprili 2024. Mara ya mwisho Bitcoin mpya zilipungua kutoka 900 kwa siku hadi 450. Kwa bei ya wakati ule, upungufu huo ni kama dola milioni 29 kwa siku, kwenye soko ambalo miamala yake ya kila siku ni mabilioni mengi ya dola. Tena tarehe hiyo kila mtu anaijua miaka mapema. Mifano minne si ushahidi wa kutosha wa kanuni yoyote, na ule wa 2020 ulikutana na gharika ya dola niliyoitaja.

Deni ndilo pia lililozika kampuni kubwa za mwaka 2022, ingawa lilivaa nguo nyingine. Terra ilikuwa na sarafu iliyodaiwa kuwa na thamani ya dola moja daima, UST, na dhamana yake kuu ilikuwa ahadi ya kubadilishwa kwa sarafu ndugu, Luna. Waliohifadhi UST waliahidiwa karibu asilimia 20 kwa mwaka. Mei walipoanza kutoka kwa wingi, mfumo ulichapisha Luna mpya ili kuwalipa, kutoka milioni mia kadhaa hadi zaidi ya trilioni 6 katika muda wa wiki moja hivi, na Luna iliyokuwa ikiuzwa kwa makumi ya dola haikufika hata senti. Miezi sita baadaye ilijulikana kuwa Alameda, kampuni dada ya soko la FTX, ilikuwa imejaza vitabu vyake kwa FTT, sarafu ambayo FTX yenyewe iliitengeneza. Wateja walikimbilia fedha zao, hazikuwepo, na Novemba 11 FTX ikaomba ulinzi wa ufilisi. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 Machi 2024.

Mnunuzi wa Nairobi ana tabaka la ziada. Wengi hununua kwanza USDT, sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwenye thamani ya dola, kwa M-Pesa kutoka kwa mtu mwingine mtandaoni, kwa hiyo wanacheza na bei mbili: ya sarafu kwa dola na ya dola kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Hadi mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Aliyeshika USDT kwa kuamini kwamba amejikinga alipoteza karibu sehemu moja ya tano ya fedha yake kwa shilingi, bila kucheza dau lolote. Ongeza tofauti ya bei anayokata muuzaji na ada za kutuma, utaona unaanza safari ukiwa nyuma. Tanzania nako, Benki Kuu ilitoa tangazo la kukataza sarafu hizi Novemba 2019, na sheria ya fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizi Oktoba 2025, ikiwapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni.

Wapo pia wauza ishara wa Telegramu, wanaokuambia saa ya kununua kwa ada ya mwezi. Waulize swali moja: unaponunua wewe, nani anakuuzia? Katika vikundi vya sarafu ndogo, jibu mara nyingi ni mwenye kikundi.

Ukiamua kuingia baada ya kusoma haya, nunua sarafu yenyewe, kwa fedha ambayo kodi ya nyumba na ada ya shule haviitegemei, na kile kitelezi cha kuzidisha usikiguse. Bei ikishuka kwa asilimia 20 usiku umelala, mwenye sarafu yake ataamka nayo asubuhi. Aliyezidisha mara 20 ataamka na ujumbe wa kumjulisha kwamba akaunti yake ina sifuri.