Alamu ya Motokaa: Mlinzi Asiye na Mikono

Mwenye karatasi hii mkononi na afuate mstari kwa kidole, polepole. Asiyeelewa neno na amwulize mwenzake.

Leo tutasoma habari ya alamu, yaani chombo kinacholia mwizi anapoigusa motokaa. Labda utasema, "Mimi sina motokaa." Ni kweli, lakini siku hizi hata pikipiki za abiria hutiwa alamu. Tena kila mtu ana jirani, na utaona mwishoni kwamba jirani ni sehemu ya chombo hiki.

Tuanze na mambo ya zamani. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na mingine ikaendelea mpaka Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Safari hiyo yote ni kilomita 1,200 hivi, na watu waliikata kwa miguu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa kilo 30 au zaidi. Pembe za ndovu zilikwenda pwani; nguo, shanga na waya zilikuja bara. Misafara mingine ilichukua na watumwa, na jambo hilo hatulisahau.

Msafara ulipopiga kambi mahali pa hatari, watu walikata matawi ya miiba wakazungusha boma. Je, miiba humzuia mwizi kabisa? La. Humchelewesha tu. Mali iliokolewa na mtu aliye macho. Yeye alifanya kazi tatu. Kwanza, alisikia kitu kinatikisika. Pili, aliamua: huyu ni mwizi, au ni upepo tu? Tatu, aliita, na wenzake wakaamka. Shika maneno hayo matatu: kusikia, kuamua, kuita. Alamu ya motokaa hufanya kazi hizo hizo.

KUSIKIA. Alamu ina vitu vidogo vinavyohisi, navyo huitwa vihisio. Kihisio cha kwanza kiko mlangoni. Fungua mlango wa motokaa usiku. Katika motokaa nyingi utaona taa ndogo ya ndani inawaka. Kwa nini? Umeme hupita katika njia inayozunguka, kutoka betri mpaka kwenye taa na kurudi kwenye betri. Njia ikikatika mahali pamoja tu, umeme hausogei. Penye mlango pana kitufe chenye springi. Mlango ukifungwa, kitufe hubanwa na njia hukatika. Mlango ukifunguliwa, kitufe hutoka, njia huungana, taa huwaka. Fundi akiunga waya wa alamu hapo, alamu nayo hupata habari kwamba mlango umefunguliwa.

Kihisio cha pili husikia mshtuko. Ziko fuwele, na vigae vya namna yake, ambavyo ukivigonga au kuvibana hutoa umeme kidogo. Umewahi kuona kiberiti cha gesi ambacho hubofywa kikatoa cheche? Vingi vya namna hiyo hutumia kigae cha aina hiyo. Katika alamu, kigae hicho hutikisika pamoja na motokaa. Mwizi akivunja kioo au akigonga mlango, umeme mdogo hutoka.

Kihisio cha tatu hakimo katika kila motokaa. Hicho hutoa sauti nyembamba mno, ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. Sauti hugonga viti na vioo, ikarudi. Kitu kikisogea ndani, sauti hurudi kwa namna nyingine. Popo naye hujua njia yake gizani kwa kazi kama hiyo.

KUAMUA. Nyaya zote za vihisio huingia katika kisanduku kimoja kilichofichwa ndani ya motokaa. Hicho ndicho hakimu. Ukifunga milango kwa rimoti, kisanduku huamka na kuanza ulinzi. Ukifungua kwa rimoti, hulala. Lakini kisanduku kinajuaje kwamba rimoti ni yako? Rimoti hupeleka namba ya siri kwa mawimbi kama ya redio. Zamani namba ilikuwa moja siku zote, na wezi wakapata vyombo vya kuinasa na kuirudia. Kwa hiyo, katika alamu bora, namba hubadilika kila unapobofya. Ni kama wewe na mkeo mmepatana hivi: leo ukibisha hodi utasema "asali," kesho "mpunga," kesho kutwa "tumbaku." Mwizi aliyejificha akisikia neno la leo, halitamfaa kesho.

KUITA. Kisanduku kikiona hatari, hupeleka umeme mdogo kwenye kidude kinachoitwa rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole. Fikiri habari ya stesheni yetu ya Tabora. Bendera ya kijani haina nguvu ya kuvuta hata behewa moja, lakini ikipungwa, treni nzima huondoka. Vivyo hivyo, umeme mdogo wa kisanduku huamrisha umeme mkubwa wa betri. King'ora hulia, na taa za pembeni huwaka na kuzimika. Ving'ora vingine vina betri ndogo yao wenyewe, hivyo mwizi akikata waya wa betri kubwa, kelele haikomi.

Sasa angalia vizuri. Je, alamu imemshika mwizi? Haikumshika. Haina mikono. Imeita tu.

Kiko chombo kingine chenye kazi ya miiba ya boma. Ndani ya kichwa cha ufunguo hutiwa chembe ndogo yenye namba yake. Ukitia ufunguo, motokaa huisoma namba hiyo. Namba isipokuwa ile inayotakiwa, injini haitafanya kazi, hata ufunguo ukizunguka. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 1998 motokaa mpya za abiria zinatakiwa kuwa na chombo cha kuzuia injini. Usichanganye vitu hivi viwili. Kimoja huzuia, kingine huita. Motokaa inaweza kuwa na kimoja bila ya kingine. Basi ukinunua motokaa iliyotumika, mwulize fundi ina kipi.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa la somo letu. Tuseme yuko bwana mmoja wa Kanyenye. Amekopa fedha, amenunua gari dogo la mizigo la kuchukulia asali kutoka Sikonge. Deni lake bado halijaisha. Usiku huliegesha chini ya mwembe. Msimu wa maembe ukafika. Embe likaanguka juu ya bodi, pu! King'ora kikalia saa nane ya usiku. Majirani wakatoka mbio, wakaona embe. Usiku wa pili, embe tena. Usiku wa tatu, watu wawili tu walitoka. Usiku wa kumi hakutoka mtu, na bwana mwenyewe akabofya rimoti kitandani bila ya kuchungulia dirishani. Usiku wa kumi na mmoja kilichogonga gari hakikuwa embe. King'ora kililia sana. Kila mtu alikisikia, na kila mtu akajifunika shuka.

Chombo kilikuwa kizima. Kilichoharibika ni imani ya majirani.

Wazee wa Unyamwezi na Usukuma walijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanavijiji walianzisha ulinzi wa Sungusungu. Walitumia filimbi na yowe linaloitwa mwano. Yowe likipigwa, watu walitakiwa kutoka, na kukaa ndani lilikuwa kosa. Yowe lina nguvu kwa sababu watu wanalijibu, na watu hulijibu wakiamini kwamba halipigwi bure.

Basi, ukiwa na alamu, fanya hivi:

1. Mwambie fundi apunguze ukali wa kihisio cha mshtuko, kisilie kwa embe wala kwa lori linalopita.

2. Usiegeshe motokaa chini ya mti wenye matunda.

3. Ijaribu alamu mchana, na uwaambie majirani kwanza.

4. Alamu hula umeme kidogo kidogo hata motokaa ikiwa imesimama. Usipoiendesha kwa wiki nyingi, tazama betri.

5. King'ora kikilia usiku, inuka ukachungulie kila mara. Wewe mwenyewe usipojali, jirani atajali kwa nini?

Na ukisikia king'ora cha mwenzako, chungulia, washa taa, mwite, na uwapigie polisi simu namba 112. Mwizi akikamatwa, msimpige. Aliyekimbia huenda si mwizi, na aliye mwizi ana mahakama yake. Mtu akiuawa kwa kelele za alamu, gari limepona, lakini mtaa mzima umepata hasara isiyolipika.

MASWALI

1. Taja kazi tatu za alamu.

2. Kwa nini taa ya ndani huwaka mlango ukifunguliwa?

3. Kuna tofauti gani kati ya chombo kinachozuia na chombo kinachoita?

4. Kwa nini majirani wa bwana wa Kanyenye hawakutoka usiku wa kumi na mmoja? Zungumzeni darasani: katika mtaa wenu, yowe likipigwa usiku, nani hutoka?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.