Kipimo Kidogo, Gharama Kubwa: Hesabu ya Kaya ya Mjini

Gharama ya maisha ni jumla ya fedha ambazo kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hulazimika kutumia ili kupata chakula, makazi, maji, nishati, usafiri na mahitaji mengine ya lazima. Mazungumzo kuhusu gharama hiyo hujikita zaidi katika bei: mchele umepanda, mafuta ya kula yamepanda, nauli imepanda. Hata hivyo, katika jiji kama Dar es Salaam, ambalo Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi wake kuwa 5,383,728, bei ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu ya pili, ambayo huumiza kimyakimya, ni kipimo, yaani kiasi cha bidhaa au huduma ambacho mtu anamudu kukilipia kwa mkupuo mmoja.

Tofauti hiyo husaidia kueleza kwa nini takwimu za taifa na hali ya jikoni huonekana kupishana. Mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa na huduma katika kipindi fulani, ulikuwa nchini Tanzania kati ya asilimia 3 na 4 kwa wastani katika miaka ya 2023 na 2024, kiwango ambacho wachumi hukihesabu kuwa cha chini. Lakini kasi ndogo haimaanishi kwamba bei zimeshuka, bali kwamba zinapanda polepole juu ya zile zilizokwishapanda. Na wastani wa taifa hauwezi kuonyesha kwamba kaya mbili za mtaa mmoja zinaweza kulipa kiasi tofauti kabisa kwa kitu kilekile.

Mfano wa karibu uko gengeni. Nyanya na vitunguu huuzwa kwa fungu, na fungu halina uzito unaojulikana. Bidhaa inapoadimika, muuzaji anaweza kuacha bei ilivyo na kuondoa nyanya moja, hivyo mnunuzi hutoa fedha ileile na kurudi nyumbani na mboga pungufu. Mkaa nao hununuliwa kwa gunia na mwenye nacho, ilhali mwenye kipato cha kutwa hununua kwa kopo kila jioni, na makopo yanayotoka katika gunia moja, yakijumlishwa, huzidi bei ya gunia hilo kwa sababu muuzaji lazima apate faida katika kila kopo. Kopo lenyewe huenda limebonyezwa kitako ili lipokee mkaa mchache, na ingawa Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya wafanyabiashara, si rahisi kufuatilia kila kopo la uchochoroni.

Umeme unaonyesha jambo hilo kwa sura nyingine. Mfumo wa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, una haki moja kubwa: ndani ya kundi moja la bei, anayenunua umeme wa shilingi 1,000 hapati uniti kwa bei mbaya kuliko anayenunua wa shilingi 50,000. Katika utaratibu wa bei za shirika la umeme, TANESCO, uliodumu kwa miaka mingi, kaya isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, wakati wateja wa matumizi ya kawaida hutozwa shilingi 292. Punguzo hilo lilikusudiwa kumfaa mnyonge, lakini katika nyumba nyingi za kupanga wapangaji kadhaa huchangia mita moja. Kaya tano zinazotumia uniti 30 kila moja hufikisha uniti 150, hivyo nyumba nzima huangukia katika bei ya juu. Kaya ambayo kwa mita yake ingelipa shilingi 3,000 hulipa shilingi 8,760, karibu mara tatu, bila kuwasha taa moja ya ziada. Aidha, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo, ambayo kwa asili yake humhusu mwenye jengo, hukusanywa kupitia LUKU, kwa hiyo anayeingiza umeme ndiye anayekatwa kwanza, na aghalabu mtu huyo ni mpangaji.

Maji hayatofautiani sana. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Dumu likiuzwa kwa shilingi 100, uniti hiyo humgharimu mnunuzi shilingi 5,000, na hapo hayajahesabiwa malipo ya mchukuzi wa mkokoteni wala muda wa kupanga foleni.

Katika makazi, mzigo hugeuka: mpangaji halipi kidogokidogo, bali hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa pamoja. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi huhitaji shilingi 360,000 za miezi sita, na dalali akidai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, jumla hufika shilingi 420,000. Mtu anayepokea mshahara kila mwezi, au ujira kila jioni, aghalabu hawezi kuwa na fedha hiyo bila kuuza kitu au kukopa, na riba ya mkopo huo ni sehemu ya kodi isiyoandikwa katika mkataba wowote.

Wakazi hawajakaa bure. Upatu, ambao wengi huuita mchezo, humwezesha kila mwanachama kupokea kwa zamu fedha zilizochangwa na wote, na hivyo kununua gunia badala ya kopo au kulipa kodi bila kukopa. Majirani huchangishana kununua mchele wa jumla na kuugawana kwa mizani, huku daftari la Mangi, mwenye duka la mtaani anayekopesha hadi mwisho wa mwezi, likiziba pengo la siku ngumu. Hekima ya haba na haba hujaza kibaba ndiyo inayotendeka humo.

Hata hivyo, juhudi za majirani haziwezi kubeba peke yao kasoro za mfumo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, lakini anayenunua mkaa kwa kopo hashindwi na gesi kwa sababu ya ujinga, bali kwa sababu mtungi hujazwa kwa fedha za mkupuo. Mita za gesi zinazolipiwa kwa simu, mita ya umeme kwa kila mpangaji, bomba lililo karibu na kodi inayolipwa mwezi kwa mwezi yote yanasimama juu ya kanuni moja, kwamba uchache wa fedha za siku usiwe sababu ya kutozwa zaidi. Mchuuzi wa mkaa hawezi kuibeba kanuni hiyo, kwa kuwa naye anaishi kwa faida ya kopo. Wenye nyumba, mashirika ya huduma na watunga sera wanaiweza, na LUKU imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana.