Probox iliyotumika: itapita ukaguzi wa kila mwaka?

Mkazi anayetafuta Probox iliyotumika ili aiweke kwenye barabara ya Kaloleni, Ganze au Magarini huwa na swali moja kabla hajatoa pesa: je, gari hili hupita ukaguzi wa kila mwaka bila usumbufu? Kwa jumla, Probox yenyewe haina neno. Mengi yanayoiangusha hutokana na kazi inayofanyishwa, na sehemu kubwa yake fundi mzuri anaweza kuyaona kabla gari halijafikishwa kwa mkaguzi.

Jambo hili si dogo kwa aliyechukua mkopo wa Sacco au kutoa akiba ya chama. Gari la kubeba abiria kwa malipo lisilo na hati ya ukaguzi halipati leseni ya kuhudumu barabarani, na gari lililoegeshwa nyumbani halisimamishi malipo ya mkopo.

Ukaguzi huu haufanywi na serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani. Kukagua magari ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Mwenye gari huomba nafasi na kulipa ada kupitia akaunti yake ya eCitizen, kisha hulipeleka gari kituoni siku aliyopangiwa. Wakazi wengi wa kusini mwa Kaunti ya Kilifi hutumia kituo cha Miritini, Mombasa. Risiti ya maegesho ya kaunti haichukui nafasi ya hati ya ukaguzi hata siku moja.

Toyota ilianza kuuza Probox mwaka 2002 kama gari dogo la kazi, badala ya Corolla ya kubebea mizigo. Huko Japani, gari la mizigo la aina hii hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, ilhali gari dogo la kibinafsi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo Probox nyingi zilizoshuka bandarini Mombasa zilikwisha kuzoea ukaguzi wa kila mwaka. Injini yake ya lita 1.5 ndiyo ile ile iliyo katika Vitz, Fielder na Allion nyingi, na vipuri vyake havina shida kupatikana. Injini ni nadra kuwa chanzo cha kuanguka, ila pale gari linapotoa moshi kwa sababu ya kuchomeka oili.

Shida huanzia nyuma. Kwa hesabu ya Japani, Probox ya mizigo huruhusiwa kubeba watu wawili na kilo 400, au watu watano na kilo 250. Huko kila mtu huhesabiwa kilo 55, kwa hiyo uzito wote, dereva akiwemo, ni kama kilo 525. Sasa watie watu wazima kumi wa kilo 65, jinsi inavyoonekana asubuhi kwenye steji nyingi za bara. Hizo ni kilo 650, na bado gunia la mahindi la kilo 90 halijapandishwa juu ya paa. Gari haligomi siku hiyo, linalipa baadaye. Springi hulala, shokamzoba huanza kuvuja, bushi na viungio vya magurudumu ya mbele hulegea, na tairi huliwa upande mmoja.

Mwenye gari naye, badala ya kupunguza mzigo, huinua springi za nyuma kwa vipande vya chuma au mpira. Hapo hujiongezea kosa jingine. Gari tupu huinamisha pua, na taa za mbele zikipimwa kwa mashine huonekana zinamulika chini mno. Kioo cha taa kilichokuwa cha manjano kwa jua nacho hupunguza mwanga. Kasoro ya taa ni miongoni mwa zile za rahisi kurekebisha, na inasikitisha kuona mtu akisafiri hadi Miritini na kurudi kwa ajili yake.

Breki zinastahili kuangaliwa kuliko kitu kingine chochote. Probox ina breki za diski mbele na za dramu nyuma. Vumbi la barabara za murram huingia ndani ya dramu na kukaa humo, na kile kifaa kinachojirekebisha chenyewe hukwama. Mafuta ya breki yakivuja kidogo ndani ya dramu moja, gurudumu hilo hushika kwa nguvu ndogo kuliko mwenzake. Dereva anaweza kuendesha hivyo kwa miezi bila kuhisi lolote, kwa kuwa breki za mbele zinabeba kazi kubwa. Mashine ya ukaguzi haidanganyiki: magurudumu huwekwa juu ya roli, nguvu ya kila gurudumu hupimwa, kisha upande wa kushoto hulinganishwa na wa kulia. Tofauti hiyo ndiyo inayolivuta gari upande mmoja dereva anapokanyaga breki kwa ghafla mbele ya mtoto anayevuka barabara.

Breki ya mkono hupimwa peke yake. Dereva aliyezoea kuweka jiwe nyuma ya tairi akiegesha mlimani anajua tayari matokeo yatakuwaje.

Kwa magari yanayolala karibu na bahari kuna adui mwingine, chumvi. Fundi alipandishe gari na kuangalia paipu za breki, sehemu za chini ya sakafu na pale springi zinapokalia. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari linalouzwa isimfurahishe mnunuzi; ikwaruzwe kidogo.

Mkaguzi pia hulinganisha nambari ya chasisi na ya injini na kumbukumbu za usajili. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa huweza kuliangusha gari lililo zima kabisa kimitambo, na mnunuzi ndiye atakayehangaika kumtafuta muuzaji. Mikanda ya usalama hupaswa kuwepo na kufanya kazi kwenye kila kiti, hata kile cha katikati ambacho mara nyingi mkanda wake umesukumwa chini ya godoro.

Umri wa gari nao usisomwe kwenye nambari ya usajili. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa na hadi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo Probox yenye nambari ya KDA iliyotolewa mwaka 2020 inaweza kuwa ya 2013, yaani ya umbo la kwanza lililokoma 2014. Muuzaji akiwa bado anayo hati ya kuuzia gari nje iliyotolewa Japani, aombwe aionyeshe. Huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa huko. Dashibodi ikionyesha chache kuliko hizo, mazungumzo ya bei yaanze upya au yaishe.

Gari likianguka, kasoro hurekebishwa na gari kurudishwa kukaguliwa tena. Mwenye Probox ya biashara afadhali aombe nafasi wiki tatu au nne kabla ya hati ya zamani kuisha, ili fundi apate muda wa kufungua dramu za nyuma na vipuri vikikosekana Kilifi au Malindi viagizwe Mombasa gari likiwa bado linafanya kazi kihalali.