Kwa Nini Kizibo cha Bia Hufungwa kwa Waya?

Mada husika: uchachushaji, moli, kanieneo

Nchini Ubelgiji, baadhi ya watu wanaotengeneza bia nyumbani huijaza katika chupa nene, huiziba kwa kizibo cha gome la mwaloni, kisha hukifunga kizibo kwa waya. Waya huo si pambo. Jiulize: ndani ya chupa kuna nini kinachotaka kutoka?

1. Gesi inatoka wapi?
Kabla ya kuziba huongezwa sukari kidogo. Hamira iliyobaki huichachusha bila oksijeni:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Chupa ya mililita 750 ikiwekewa gramu 6 za glukosi:
Moli za glukosi = 6 ÷ 180 = 1/30
Moli za CO₂ = 2 × 1/30 = 1/15
Ujazo (j.s.s.) = 22.4 ÷ 15 = lita 1.5 hivi

Gesi hiyo ni mara mbili ya ujazo wa chupa! Nyingi huyeyuka ndani ya bia. Inayobaki hujibana shingoni.

2. Kani juu ya kizibo
Tuseme kanieneo ya ndani inazidi ya nje kwa Pa 300,000, na mdomo wa chupa una eneo la m² 0.00024.
Kani = kanieneo × eneo = 300,000 × 0.00024 = N 72

Ni kama mzigo wa kilo 7.2 unaosukuma kizibo usiku na mchana.

3. Kazi ya waya
Kizibo ni kipana kuliko mdomo, hivyo hubanwa kwa mashine na kuingizwa nusu. Kichwa hubaki nje. Waya hupita juu ya kichwa, hushika chini ya ukingo wa kioo, kisha husokotwa. Mfaransa Adolphe Jacquesson alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1844, kwa ajili ya mvinyo wa Champagne.

Hadhari: Sukari ikizidi, waya hushikilia kizibo lakini kioo hupasuka, na vipande vyake huweza kupofusha. Kwa sababu hiyohiyo, mbege inayoendelea kuchachuka haifai kuzibwa kabisa kwenye chupa.

Kosa la kawaida: Kuandika kwamba hamira lazima ipate oksijeni ndipo itoe CO₂. Utapoteza alama.

Jipime
(a) Gramu 9 za glukosi zitatoa lita ngapi za CO₂ (j.s.s.)?
(b) Kwa nini chupa iliyoachwa juani ni hatari zaidi?

Majibu: (a) Lita 2.24. (b) Joto hupunguza uyeyukaji wa gesi na huongeza kanieneo.