Mguu Unaanzia Wapi? Maneno ya Mwili katika Barua ya Rufaa

Kwa Kiswahili, mkono huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Mguu huanzia nyongani hadi unyayoni. Katika mazungumzo ya kawaida upana huo hauna madhara. Lakini mgonjwa anapopewa rufaa kutoka zahanati ya Bahi au Chemba kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, maneno "jeraha la mguu" hayamwambii anayempokea iwapo atakuta kidonda cha pajani au cha unyayoni. Kwa mwenye kisukari, kidonda cha unyayoni hakipaswi kusubiri.

Msamiati wa kutofautisha upo: bega, kiwiko, kigasha, kiganja, paja, goti, muundi, kifundo, kisigino, unyayo. Kinachobaki ni mwelekeo. Wanaanatomia duniani kote huuwazia mwili ukiwa umesimama wima, uso ukitazama mbele, mikono imeshuka ubavuni na viganja vimeelekea mbele. Hata mgonjwa akilala kifudifudi, maelezo hufuata mkao huo, na kulia ni kulia kwake yeye, si kwa anayemtazama. Figo ni mbili, macho ni mawili. Upande ukikosewa, upasuaji hautenduliwi.

Kiwiliwili kina mitego yake. Mtu husema moyo unamuuma huku akigusa chembe cha moyo, pale chini ya ncha ya mfupa wa kidari, na huenda chanzo ni vidonda vya tumbo. Mhudumu asiharakishe kumsahihisha: shambulio la moyo nalo huweza kuuma papo hapo. Maumivu ya kidole tumbo, kwa upande wake, mara nyingi huanza kuzunguka kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Anayeandika "tumbo linauma" ameufuta mwendo huo, ambao ni dalili muhimu kuliko maumivu yenyewe. Kuna pia "chini ya kitovu", msemo wa staha unaoweza kumaanisha kibofu, kizazi au sehemu za siri. Hapo huulizwa taratibu, faraghani.

Nyumbani, mgonjwa wa Chemba huenda anazungumza Kisandawe au Kirangi, na wa Chamwino Kigogo. Kabla ya kumtafutia neno, aombwe aoneshe kwa kidole kimoja mahali maumivu yalipoanza na yalipo sasa. Kisha barua iandikwe: "Kidonda, unyayo wa kulia, upande wa kidole gumba, karibu na kisigino."