Kisu Mkononi mwa Nani? Kumtambua Bingwa wa Upasuaji wa Plastiki

Mtoto aliyeunguzwa shingo kwa uji wa moto aweza kupona na kidonda kikafunga, kumbe taabu ndiyo kwanza inaanza. Kovu hujikunja kadiri miezi inavyopita, likavuta kidevu chini hata kikakaribia kugusa kifua. Kulikata kovu hilo, kulikunjua, na kuliziba pengo kwa ngozi iliyotolewa pajani ni kazi ya daktari wa upasuaji wa plastiki. Jina hili limewapotosha wengi. Halihusiani na ndoo wala mifuko. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kufinyanga, nalo lilikuwa likitumiwa na madaktari tangu mwanzo wa karne ya 19, kabla plastiki ya viwandani haijavumbuliwa.

Fani hii ilikomazwa na vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatengeneza upya askari waliopasuliwa nyuso kwa mizinga, katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Ndugu yake wa ukoo, Archibald McIndoe, aliwahudumia marubani walioungua katika vita vya pili. Huyo McIndoe, pamoja na Michael Wood na Mmarekani Tom Rees, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, ambayo leo ni shirika la AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa fani hii moja, jambo ambalo wachache hulikumbuka.

Lakini fani ina mlango wa pili, nao ni urembo. Na mlangoni hapo ndipo wanapopita wasiohusika. Katika Uingereza na Marekani, sheria haimkatazi daktari mwenye leseni ya kawaida kufanya upasuaji wa urembo, hata kama ubingwa wake ni wa jambo jingine kabisa. Katika daftari la mabingwa la Uingereza upasuaji wa plastiki umo, ila upasuaji wa urembo haumo kama ubingwa wa peke yake. Hivyo mtu akijiita “mpasuaji wa urembo”, amesema anachokifanya; hajasema alichosomea.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Chukua mathalani kuhamisha mafuta kutoka tumboni na kuyadunga makalioni, kazi ambayo matangazo huieleza kana kwamba ni kusuka nywele. Ndani ya msuli wa kalio hupita vena kubwa. Ncha ya sindano ikizama mno, mafuta huweza kuingia katika vena iliyojeruhiwa, yakafuata damu hadi moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mgonjwa huweza kufa palepale mezani. Hata kipande cha ngozi kinachogeuziwa pengo jirani kina masharti yake: kikikatwa bila kujua damu yake inatokea wapi, huwa cheusi na kuoza.

Basi atambuliweje aliyesomea? Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi, maana husema tu kwamba siku fulani mtu alifaulu mtihani fulani, na vingine ni vya mafunzo ya siku mbili tatu. Pa kutazama ni daftari la baraza linalosajili madaktari. Tanzania Bara lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina baraza lake. Na Kenya pia ina lake, ambalo daftari lake huweza kutazamwa hata katika mtandao. Yafaa kuuliza mambo mawili, wala si moja: je, leseni yake ingali hai mwaka huu, na je, amesajiliwa kuwa bingwa wa nini? Wengi huridhika na jibu la kwanza, nalo ndilo jepesi. Daktari wa kweli wa macho au wa uzazi atapatikana daftarini bila shaka yoyote, lakini hakuna kitakachoonyesha kwamba aliwahi kufundishwa kupandikiza ngozi.

Ubingwa huo hauji upesi. Baada ya shahada ya udaktari na mafunzo ya kazini, Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, humtaka mwanafunzi wake apitie kwanza upasuaji wa jumla, ndipo aingie plastiki na kutahiniwa. Hata daktari mgeni ajaye kwa majuma mawili huhitaji kibali cha baraza la nchi anayoizuru.

Mwenye kutaka kupasuliwa ana haki ya kuuliza pia ni nani atakayemtia usingizi, kwani mtoa nusukaputi naye hupaswa kuwa na sifa zake, na kama mpasuaji huyo anaruhusiwa kufanya kazi hiyohiyo katika hospitali kubwa. Na jina lenyewe litazamwe herufi kwa herufi. Madaktari wenye majina yanayofanana si haba, na mjanja huweza kujificha nyuma ya jina la mwenziwe. Kwa hiyo iombwe nambari ya usajili, ambayo hawapewi watu wawili, kisha ilinganishwe na ile iliyomo daftarini.